Hatua Moja ya Padri Saavedra

Wadau, nimekuwa kimya siku kadhaa. Wa kulaumiwa ni sataranji. Nilianza kusoma habari za watu wanaotunga mafumbo ya mchezo huo nikidhani nitamaliza jioni moja. Wiki imekatika.

Nieleze kidogo, maana si wote wanaocheza. Mbali na wachezaji wanaokaa ana kwa ana, kuna watunzi. Mtunzi hupanga kete chache ubaoni, halafu anatoa changamoto: mweupe aanze na ashinde, au mweupe apate sare. Kisha anampelekea mhariri wa safu ya sataranji. Sharti ni kali: fumbo liwe na jibu, na jibu liwe moja tu. Likipatikana la pili, limekufa. Waingereza husema fumbo hilo limepikwa. (Kwetu huku hupikwa takwimu.)

Wakaguzi wengi hufanya kazi hii kwa kujitolea. Mhariri analijaribu kwanza, likichapwa wasomaji wanalishambulia, mwisho mwamuzi anapanga washindi. Hata hapo bado, kwani matokeo huwa ya muda na watu hupewa nafasi ya kuweka pingamizi. Ukionyesha kasoro, fumbo linaondolewa hata kama lilishika nafasi ya kwanza. Mtunzi anaruhusiwa kulirekebisha na kulileta upya, ila litaandikwa waziwazi kuwa ni masahihisho.

Hapo ndipo waliponikamata. Niliwahi kukosea jina la marehemu kwenye habari yangu. Masahihisho yalitoka siku nne baadaye, mistari miwili, chini ya tangazo la mnada. Sijui kama familia iliyaona.

Sasa twende Glasgow, Scotland, mwaka 1895. Georges Emile Barbier alikuwa mhariri wa safu ya sataranji katika gazeti la Glasgow Weekly Citizen. Alichapa fumbo lenye kete nne tu: mfalme mweupe na askari wake mmoja anayekaribia mwisho wa ubao, dhidi ya mfalme mweusi na ngome yake. Barbier alisema mweusi anapata sare, na hoja yake ilikuwa nzuri. Askari akifika mwisho atageuzwa malkia, kama kila mtu afanyavyo. Mweusi naye anaitoa ngome yake sadaka. Malkia akiila, mfalme mweusi aliye pembeni hatishwi na mtu, lakini hana chumba cha kwenda. Kwa sheria za sataranji, hiyo ni sare.

Mjini humo aliishi padri Mhispania, Fernando Saavedra, mchezaji wa kawaida kabisa. Yeye akasema: usimgeuze askari kuwa malkia, mgeuze ngome. Yaani chukua kete dhaifu kwa makusudi! Sababu ni kwamba ngome haitazami mshazari kama malkia, kwa hiyo ule mtego wa sadaka unakufa, mfalme mweusi anabaki na chumba cha kukimbilia. Wakati huohuo ngome hiyo mpya inatishia kummaliza pale pembeni. Mweusi analazimika kukinga kwa ngome yake, na hapo mfalme mweupe anasogea chumba kimoja tu. Anaitishia ngome iliyokinga na papo hapo anafungua njia nyingine ya kumaliza mchezo. Huwezi kuzuia yote mawili. Nilipanga kete mezani nikairudia mara tano, nikicheka peke yangu.

Barbier angeweza kuificha hoja ya padri, nani angejua? Aliichapa palepale kwenye safu yake, mwezi uleule wa Mei.

Si makosa yote yaliyogunduliwa haraka hivyo. Mwaka 1851 Kling na Horwitz walionyesha namna farasi mmoja anavyoweza kujihifadhi dhidi ya maaskofu wawili na kupata sare. Wakubwa wa mchezo waliamini hivyo kwa miaka 132. Mwaka 1983 Mmarekani Ken Thompson aliipa kompyuta kazi ya kupitia kila mpango unaowezekana wa kete hizo, ikaonekana kwamba kwa kawaida maaskofu wanashinda, ingawa wakati mwingine huhitaji hatua 66. Mafumbo yaliyosimama juu ya imani ile yakaporomoka, na watunzi wake wengi walishakufa. Hakuna wa kumwomba alete masahihisho.

Ufanyeje na fumbo la marehemu? Ungeweza kulifuta. Mholanzi Harold van der Heijden, aliyekusanya mafumbo ya aina hii zaidi ya 90,000, hakufuta. Yenye kasoro yamo pamoja na mazima, jina la mtunzi lipo, mwaka upo, na pembeni imewekwa alama kwamba lina kosa. Wapo wanaoona ni uonevu kumpima mtu wa karne ya 19 kwa mashine. Mimi naona uonevu ungekuwa kumfuta.

Barbier alifariki Desemba ya mwaka uleule, 1895. Saavedra aliishi hadi 1922, na umaarufu wake wote katika sataranji umetokana na hatua ile moja. Fumbo linaitwa kwa jina la padri. Kete nyingine zote alizipanga Barbier.