Jemadari Smuts na Jina la Kariakoo

Wengi wetu hulitaja jina la Kariakoo bila kuuliza asili yake. Katika Dar es Salaam ni jina la soko na mtaa, na Nairobi nako lipo kwa matamshi yaliyo karibu na hayo. Asili yake ni jina la Kiingereza la Kikosi cha Wapagazi katika vita vya 1914 hata 1918, ambalo wenyeji walilitamka kwa ulimi wao. Mwaka 1916 majeshi yaliyochukuliwa mizigo na wapagazi hao yaliongozwa na mwanasiasa, Jan Christiaan Smuts. Tumeona inafaa kuyaeleza maisha yake.

Smuts alizaliwa tarehe 24 Mei 1870 karibu na Riebeek West, katika koloni la Cape, mwana wa wakulima Makaburu. Alisoma Stellenbosch, kisha Cambridge katika Uingereza, akafuzu elimu ya sheria kwa sifa kubwa. Mwaka 1898 alifanywa mwanasheria mkuu wa serikali ya Transvaal. Vita vya Makaburu na Waingereza vilipotokea, yule mwanasheria akashika bunduki, na mwaka 1901 akaongoza wapanda farasi mpaka ndani ya Cape. Amani ilipofanywa tarehe 31 Mei 1902, alikuwako kama mshauri wa sheria. Kifungu cha 8 cha mapatano yale kiliahirisha shauri la kuwapa Waafrika kura mpaka nchi zile zitakapojitawala. Na tulikumbuke neno hilo, kuahirisha.

Muungano wa Afrika ya Kusini ulipoundwa mwaka 1910, Smuts akawa waziri. Mwezi Februari 1916 alifika Mombasa kushika uongozi wa vita juu ya Wajerumani. Mwezi Machi aliitwaa Moshi, mwezi Agosti Morogoro, na tarehe 4 Septemba Dar es Salaam ikasalimu amri. Desturi yake ilikuwa kumzunguka adui badala ya kumkabili uso kwa uso. Lakini von Lettow-Vorbeck aliponyoka kila mara, na majeshi yakamfuata mbali kupita uwezo wa kuyapelekea chakula. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Basi mzigo ulioangushwa na mnyama ukatwikwa mwanadamu.

Smuts aliondoka Januari 1917, akasema kwamba vita vya huku vilikuwa karibu kwisha. Navyo viliendelea mpaka Novemba 1918. Hesabu za serikali ya Uingereza zilionyesha wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi si kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa na njaa.

Huko Ulaya Smuts alipata heshima kubwa. Mwaka 1918 aliandika juu ya kuunda Shirikisho la Mataifa. Alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yake tangu 1919 hata 1924, na tena tangu 1939 hata 1948. Mwaka 1945, huko San Francisco, alishiriki kuitunga dibaji ya Hati ya Umoja wa Mataifa, inayotaja haki za msingi za binadamu. Lakini mwaka 1936, akiwa waziri, aliikubali sheria iliyowaondoa Waafrika wa Cape katika orodha moja ya wapiga kura. Lililoahirishwa mwaka 1902 halikutimizwa mikononi mwake, na hata lile dogo lililokuwako likapunguzwa. Alifariki tarehe 11 Septemba 1950.

Hatusemi kwamba maneno yake mema yalikuwa ya uongo. Twasema kwamba alimwona binadamu wa mbali, asimwone yule aliyekuwa karibu, mwenye mzigo kichwani. Kosa hilo si la majemadari peke yao; hata sisi tunaofundisha na kuhubiri twaweza kulitenda.

Sanamu iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi yaliyo chini yake tu. Lakini watu wa mji wameutunza ukumbusho wao katika jina la soko. Mwalimu akiulizwa na wanafunzi maana ya Kariakoo, asiseme ni mahali pa kuuzia nazi na vitambaa tu. Na awaambie ni nani waliolala pale, na mizigo waliyochukua ilikuwa ya nani.