Sakafu Isiyogusa Ardhi: Habari za Maghala Yetu

Nilipotakiwa na Bodi niandike kurasa chache za historia kwa kijitabu hiki cha miaka kumi, wengi walitazamia kwamba nitaandika habari za wenyeviti, mikutano mikuu na tani zilizouzwa. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine, nazo zimeandikwa na watu wazijuao kuliko mimi. Mimi nimechagua kitu ambacho mwanachama hukikanyaga bila kukitazama, yaani sakafu ya ghala; wala si sakafu yo yote, bali ile iliyoinuliwa juu ya ardhi, ambayo sisi watu wa maghala twaiita chaga. Mzani tumeupigania miaka mingi, na haki tulikuwa nayo. Lakini fedha inayopotea chini ya gunia haipigiwi kelele, maana hakuna aionaye ikipotea.

Babu zetu wa Tunduru, Wayao kwa Wamakua na majirani zao Wangoni, hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Kihenge hakikujengwa juu ya udongo mtupu. Kwanza zilisimamishwa nguzo fupi, au yalipangwa mawe makubwa; juu yake ikalazwa miti, kisha fito, ndipo kikafuata kihenge chenyewe cha mianzi iliyosukwa na kukandikwa udongo, na mwisho paa la nyasi mfano wa kofia, liwezalo kuinuliwa mtu akitaka kuchota. Upepo ulipita chini. Kuku walijikunyata chini siku za mvua, na mama wa nyumba alipofagia uwanja alifagia na chini ya kihenge pia. Akiona unga wa mchwa katika nguzo aliukung'uta siku ile ile. Akiona punje zimeanguka alijua pana tundu la panya. Mbegu za mwaka ujao hazikuwekwa hata humo. Zilitundikwa juu ya meko zipate moshi. Na dungu la shambani, ambalo wengi wetu tulilala ndani yake tukiwa watoto ili kuwafukuza nguruwe na nyani, nalo ni sakafu iliyoinuliwa, ila kilichohifadhiwa humo ni mlinzi.

Watu wa mbali walifikiri kama wao. Warumi walijenga maghala ya nafaka ambayo sakafu yake ilikaa juu ya vijiguzo vya mawe, na katika kuta chini ya sakafu wakaacha matundu ya kupitisha hewa. Katika ngome yao ya Housesteads, kaskazini ya Uingereza, vijiguzo hivyo vyaonekana hata leo. Huko Japani, mahali paitwapo Toro, walichimbua mabaki ya kijiji cha wakulima wa mpunga wa miaka kama elfu mbili iliyopita, wakakuta kwamba maghala yao yalikuwa juu ya nguzo, na kila nguzo ilivishwa ubao mpana karibu na sakafu ili panya akipanda akwame. Mkulima wa Kiafrika ambaye leo huvisha nguzo za kihenge chake bati lililokunjwa kama faneli iliyofudikizwa anafanya jambo lile lile, ingawa hakuna aliyemwambia habari za Toro.

Thamani ya kihenge wazee wetu waliijua kwa uchungu. Katika Vita vya Maji Maji, tangu 1905 hata 1907, askari wa Wajerumani walipoona kwamba hawawezi kumaliza vita katika nchi hii ya kusini kwa bunduki peke yake, walichoma vijiji na akiba ya chakula iliyokuwa ndani ya vihenge. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Adui aliyetaka kumvunja mkulima alijua aanzie wapi.

Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932. Mwaka uliofuata Wachaga wakaanzisha chama chao kikuu cha kahawa, na mwaka 1936 huku kwetu Songea kikasimama Chama cha Ngoni-Matengo kwa ajili ya tumbaku. Hapo ndipo zao la mtu mmoja lilipoacha kukaa nyumbani kwake, likaenda kukaa pamoja na mazao ya wengine chini ya paa la bati. Ushirika, kwa kweli, ni kihenge cha watu wengi. Lakini katika kuhama huko kutoka kihenge hata ghala, kitu kimoja kilisahauliwa. Kihenge kilikuwa na miguu. Ghala halikuwa nayo.

Tulidanganywa na saruji. Mtu akiiona sakafu ngumu, nyeupe, iliyofagiwa, hufikiri kwamba ni kavu. Sivyo. Saruji hunywa maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyonywa mafuta, ikiwa haikuwekewa karatasi ya nailoni chini yake wakati wa kujenga; na maghala mengi ya zamani hayakuwekewa. Zaidi ya hayo, sakafu hukaa na ubaridi wa usiku, na hewa ya moto ya mchana ikiigusa huacha jasho, kama jasho la nje ya mtungi. Gunia la juti likilazwa juu yake hulinyonya jasho lile kimya kimya. Safu ya juu hubaki njema kabisa, na mkaguzi anayepita mlangoni husifu.

Kwa mpunga au mbaazi hasara hiyo ni kubwa. Kwa korosho ni kubwa zaidi, kwa sababu ya majira. Korosho zetu huvunwa hasa mwezi wa Oktoba hata Desemba, na mvua za Tunduru huanza katika miezi hiyo hiyo. Mkulima huanika kwa kukimbizana na mawingu. Korosho ghafi yafaa iingie ghalani ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 10. Ikizidi hapo hupata joto katikati ya gunia, kuvu hufuata, na kiini hubadilika rangi. Mnunuzi hazitazami korosho kwa nje. Huchukua sampuli, huzikata, hupima viini vilivyo vizima, ndipo hutaja bei. Iliyotoka shambani daraja la kwanza yaweza kutoka ghalani daraja la pili, na jina lililoandikwa kwenye stakabadhi ni la mkulima, si la sakafu.

Historia ya zao letu yatosha kuonyesha jinsi maghala yalivyopata taabu. Katika msimu wa 1973/1974 nchi nzima ilikusanya korosho zipatazo tani 145,000. Msimu wa 1986/1987 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na bei haikumtia mkulima moyo. Katikati ya mambo hayo vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Jengo lisilo na mwenyewe hufa kuanzia chini. Vyama viliporudi katika maghala ya zamani vilikuta mabati yangali juu, bali chaga zimekwisha kuwa kuni.

Kisha katika miaka ya 1990 wakaja wafanyabiashara binafsi, na pamoja nao ikashamiri kangomba, yaani kumnunulia mkulima kwa bakuli au kwa ahadi kabla ya msimu, kwa bei ya mwenye njaa. Wengi wamelaumu kangomba, nami nailaumu. Lakini tuulize kwa nini mkulima alikubali. Yule asiye na mahali pakavu pa kuweka mzigo wake hana muda, na asiye na muda huuza leo. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kwa korosho huko Mtwara katika msimu wa 2007/2008, ilikuja kumpa mkulima muda huo: alete mzigo, upimwe, uandikwe, usubiri mnada. Mfumo mzima umesimama juu ya neno “usubiri”. Mwaka 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo mnadani na Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, korosho zilikaa maghalani miezi mingi kuliko desturi. Kila mtunza ghala wa mikoa ya kusini alijifunza mwaka ule sakafu yake ni ya namna gani.

Sasa niseme habari yangu mwenyewe, ingawa hainipendezi. Kabla sijawa katibu nilikuwa karani wa chama kimoja cha msingi. Tulikuwa na ghala jipya, nasi tulijisifu kwa chaga yake, maana ilikuwa moja, imepigiliwa misumari kutoka ukuta hata ukuta, nzuri kama sakafu ya ukumbi wa dansi. Wageni waliletwa kuitazama. Desemba ile mfereji wa paa uliziba kwa majani, maji yakashuka ndani ya ukuta, yakatandaa chini ya chaga. Hatukuyaona. Mchwa waliyaona. Korosho zilingoja mnada majuma kadhaa, na magari yalipokuja, wapagazi walipofika safu ya chini, matako ya magunia yalibaki juu ya mbao na korosho zikamwagika nyeusi. Yalikuwa magunia 32, kilo 80 kila moja. Hesabu ni kilo 2,560. Baadhi yalishushwa daraja, mengine tuliyatupa. Hasara ikakatwa kwa wanachama wote, senti kwa senti, hata kwa wale ambao korosho zao zilikuwa juu kabisa, kavu.

Katika mkutano wa wanachama nilisimama kusoma taarifa, nikaeleza mvua, mfereji na mchwa. Bibi mmoja, mwanachama tangu siku za zamani, akaomba nafasi. Akasema, “Mjukuu wangu, mimi kihenge changu nainama nachungulia chini yake kila asubuhi. Ninyi chini ya ghala lenu mlichungulia lini?” Sikuwa na jibu. Chaga ile haikuwa na mahali pa kuchungulia. Tulikuwa tumeinua sakafu kutoka ardhini kisha tukaifunga tusione yaliyo chini yake, na hivyo tukampa mchwa nyumba.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza kila fundi na kila dereva atokaye Dar es Salaam habari za sakafu. Jibu lililonifaa nililipata mahali nisipopategemea. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho zetu huuzwa katika mnada wa Soko la Bidhaa Tanzania kwa njia ya kompyuta. Kompyuta kubwa za namna hiyo, zinazotunza hesabu za watu wengi, kwa kawaida huwekwa katika vyumba maalumu, na tangu miaka ya 1950 na 1960 mafundi wa nchi za nje waliviwekea vyumba hivyo sakafu ya juu. Si sakafu moja. Ni vipande vya mraba, kila kimoja sentimeta 60 kwa 60, vimekaa juu ya miguu ya chuma iwezayo kurefushwa na kufupishwa kwa kuzungushwa, vikishikana ubavu kwa ubavu visicheze. Chini yake hupita nyaya na hewa ya baridi. Fundi akitaka kutazama chini huinua kipande kimoja, jirani zake wakabaki mahali pao, akimaliza hukirudisha. Niliposikia habari hiyo nilicheka, maana yule bibi angeielewa upesi kuliko mimi.

Jeshi la Marekani nalo, katika Vita Kuu ya Pili, lilisambaza mizigo yake juu ya paleti, ambazo ni chaga ndogo zihamishikazo, na baada ya vita viwanda na bandari za dunia zikazifuata. Paleti ni njema, lakini peke yake huteleza mpagazi akiburuta gunia, na nafasi kati ya moja na nyingine humvunja mtu mguu.

Kwa hiyo tulijaribu kuunganisha mawazo hayo mawili. Seremala wetu alitengeneza vipande vya mita 1 kwa mita 1, kimo cha shubiri moja. Mbao za juu za kila kipande hutokeza kidogo upande mmoja, zikaingia kati ya mbao za kipande cha pili kama vidole vya mikono miwili, kwa hiyo havisukumiki kando; lakini watu wawili huinua kimoja moja kwa moja kwenda juu bila kung'oa msumari. Mbao zilitutia mashakani. Mninga hauliwi na mchwa kwa urahisi, ila kwa bei ya leo si mbao ya kukanyagwa na wapagazi. Tulitumia mbao za bei nafuu tukazipaka dawa, na kipande kikioza hubadilishwa hicho peke yake. Magunia hayapangwi karibu na ukuta. Huachwa njia ya mita moja hivi pande zote, na vipande vya njia hiyo havibebi mzigo, ili viinuliwe wakati wo wote hata ghala likijaa.

Wapo wajumbe wanaosema kwamba gharama ni kubwa na kwamba miti iliyolazwa chini yatosha. Sikatai kwamba ni kubwa. Makisio yatasomwa katika Mkutano Mkuu, na kila mwanachama atapiga kura yake huku akijua zile kilo 2,560.

Vipande vya kwanza viliwekwa msimu uliopita katika ghala lile lile la hasara. Mwishoni mwa Desemba, baada ya mvua ya siku tatu, tulimwomba yule bibi aje. Vijana wawili waliinua kipande cha pembeni, karibu na ukuta wa mfereji. Aliinama, akapitisha kiganja chake juu ya saruji, akakitazama mwangani. Kilikuwa na vumbi. Akaagiza wainue na kingine.