Kadi Inayogoma Mpakani

Mei 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba Photoshop na ndugu zake hazitauzwa tena ndani ya boksi. Toleo la CS6, lililotoka mwaka mmoja kabla, ndilo lingekuwa la mwisho mtu kulinunua mara moja likawa lake. Kuanzia hapo kila aliyetaka toleo jipya alitakiwa kulipa mwezi hadi mwezi, dola 49.99 kwa mkusanyiko mzima, kwa kadi, kupitia intaneti. Marekani wateja walilalamikia bei. Kariakoo ya Dar es Salaam na River Road ya Nairobi bei haikuwa shida ya kwanza, kwa sababu huko Photoshop ilikuwa CD iliyochomwa na fundi, namba ya kuifungulia ikiwa imeandikwa juu ya kasha kwa kalamu ya wino mzito, na ilipatikana kwa hela ya chakula cha mchana.

Waliotaka kuachana na CD hizo, ama kwa sababu mteja wa nje alidai leseni halali, ama kwa sababu programu za kukraki zilikuja na virusi vyake, sasa walibaki na njia moja: kujaza tarakimu 16 za kadi ya benki. Wengi walizijaza, wakabonyeza kitufe cha kulipa, wakajibiwa kuwa kadi imekataliwa. Na hela zilikuwamo.

Sababu ya kadi kugoma ilhali hela zimo ni ya zamani kuliko intaneti yenyewe. Septemba 1958 Bank of America ilituma kwa posta kadi 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, bila wao kuziomba. Kadi hiyo, BankAmericard, ndiyo iliyobadilishwa jina kuwa Visa mwaka 1976. Mfumo uliojengwa juu yake ulichukulia mambo kadhaa kuwa ya kawaida: kwamba mwenye kadi ana namba ya nyumba ambako barua humfikia, kwamba kuna ofisi inayojua historia ya madeni yake, na kwamba pesa yake huvuka mpaka bila kuombewa ruhusa.

Hilo la tatu lilikuwa ndoto Afrika Mashariki. Tanzania ilitaifisha benki Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, na biashara ya benki hizo ikahamia Benki ya Taifa ya Biashara. Fedha za kigeni zikawa kitu cha kugawiwa. Mwenye mtoto anayesoma Uingereza aliomba kibali cha pauni, akaeleza ni za nini, akasubiri. Kenya nayo, ingawa haikwenda njia hiyo ya kutaifisha, ilikuwa na sheria yake ya kudhibiti fedha za kigeni. Tanzania ililegeza kamba mwaka 1992 kwa Sheria ya Fedha za Kigeni, maduka ya kubadilishia fedha yakaanza kuonekana mitaani. Kenya ikafuta sheria yake mwishoni mwa 1995. Julai ya mwaka huohuo wa 1995 Amazon ilianza kuuza vitabu mtandaoni. Biashara ya kulipa kwa kadi kwenye intaneti ilianza, basi, wakati Mkenya na Mtanzania ndio kwanza wanazoea kushika dola bila kuulizwa wamezitoa wapi.

Kinachotokea baada ya mtu kubonyeza kitufe cha kulipa huchukua sekunde mbili tatu. Tarakimu sita za mwanzo za namba ya kadi (tangu Aprili 2022 mitandao ya kadi imehamia nane) huonyesha benki iliyoitoa, na kwa kuijua benki muuzaji ameijua nchi. Ombi hutoka kwa muuzaji kwenda kwenye benki yake, hupita Visa au Mastercard, hufika kwenye kompyuta za benki ya mteja, tuseme iko Dar es Salaam, kisha jibu hurudi kwa njia ileile likiwa ni tarakimu mbili. 00 ni ruhusa. 51 ni kwamba salio halitoshi. 57 ni kwamba kadi hiyo haijaruhusiwa kufanya malipo ya aina hiyo. Halafu ipo 05, ambayo maana yake ni kwamba benki imekataa na haisemi kwa nini. Tarakimu hizi zinatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 8583, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1987, na kwa kawaida mteja haoni hata moja. Anachoona ni sentensi moja ya Kiingereza kwa wino mwekundu.

Kama kuna uonevu katika habari hii yote, uko hapo. Mtu anayejua kuwa jibu lake ni 57 angeipigia simu benki na kufunguliwa kadi siku hiyohiyo. Asiyejua hujaribu tena mara tatu nne, na kila jaribio humfanya afanane zaidi na mwizi anayebahatisha namba za watu.

Na 57 ni ugonjwa wa kwetu hasa. Benki nyingi za ukanda huu ziliwapa wateja kadi za ATM zenye nembo ya Visa au Mastercard, lakini zikafunga manunuzi ya mtandaoni hadi mwenyewe aende tawini akajaze fomu. Hazikuwa zimekosea sana: kwa mteja ambaye kadi yake ni ya kutolea mshahara tu, mlango uliofungwa ni mlango usioibiwa. Lakini karani dirishani mara nyingi hakuwa na habari kwamba mlango huo upo, akamwambia mteja kwamba tatizo liko kwa muuzaji.

Mara nyingine ombi halifiki hata nyumbani. Wauzaji wa ng'ambo huweka vichujio vyao vya kuzuia utapeli, na vichujio hivyo hupima nchi ya kadi, mahali kompyuta ilipo na anwani iliyojazwa. Ukaguzi wa anwani ulibuniwa kwa ajili ya Marekani na nchi nyingine chache: mfumo hulinganisha namba ya nyumba na postikodi na zile zilizoko benki. Mkazi wa Mbeya au Kisumu ambaye maisha yake yote ametumia S.L.P. ya kanisa, ya shule au ya mwajiri alijaza nini? Sifuri tano. Wengine waliazima postikodi ya New York waliyoiona kwenye filamu, jambo ambalo kichujio kililiona mara moja. Tanzania ilifanya operesheni kubwa ya anwani za makazi mwaka 2022, mwaka uleule wa sensa, na leo nyumba nyingi zina kibao cha namba na kata ina postikodi ya tarakimu tano. Fomu za ng'ambo bado hazijazoea.

Malipo ya kila mwezi yana mtego wake wa ziada. Malipo ya kwanza mtu huyafanya akiwa macho, simu mkononi, akisubiri meseji ya namba ya siri kutoka benki. Ya pili hukatwa na mashine usiku, mwenyewe amelala. Kama benki inadai namba ya siri kwa kila muamala, hakuna wa kuijibu. Kama shilingi imeshuka, kiasi kilichotosha mwezi jana leo kimepungua kwa senti chache, na usajili unafutwa kwa ajili ya senti hizo.

Kabla simu haijaanza kutoa kadi, watu walitafuta watu. Binamu aliyeko Toronto au Muscat alilipia kwa kadi yake, akarudishiwa hela kwa M-Pesa ya mama yake. Palikuwa na mawakala wa kulipia, waliotoza dola kwa bei yao wenyewe na kuongeza chao juu. PayPal, iliyoanza mwaka 1998 kwa jina la Confinity, ilisaidia kiasi: mwaka 2013 Equity Bank ya Kenya iliingia ubia nayo ili Wakenya waweze kutoa fedha walizopokea. Mtanzania kwa miaka mingi aliweza kulipa kwa PayPal bila kuweza kupokea, na hata kulipa kwenyewe kulihitaji kadi iliyounganishwa nyuma yake. Kadi ikigoma, PayPal nayo inagoma.

M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na muda si mrefu watu waliokuwa na hela kwenye simu wakawa wengi kuliko wenye kadi inayofanya kazi. Mwaka 2011 Airtel, Mastercard na Standard Chartered walileta Kenya huduma ya PayOnline: mteja aliomba kwa simu, akapewa namba ya kadi isiyo na plastiki, hela ikatoka Airtel Money. Wazo lilikuwa zuri, ila namba hiyo ilikuwa ya kutumia mara moja. Inanunua kiatu; haiwezi kulipia programu inayorudi kudai kila tarehe 14. Vodacom Tanzania baadaye iliweka kadi ya Mastercard ya namna hiyo ndani ya M-Pesa yake, na Juni 2022 Safaricom na Visa wakazindua GlobalPay, kadi iliyomo ndani ya simu, yenye namba inayobaki ileile na tarakimu tatu za usalama zinazoisha muda wake haraka. Shilingi hubadilishwa kuwa dola wakati wa kulipa. Inafaa kukumbuka kwamba lililofungua njia kwa Mkenya wa kawaida halikuwa tawi la benki, ilikuwa menyu ya kampuni ya simu.

Tatizo la dola lenyewe halikwenda popote. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya. Januari 2024 ilikaribia 160. Huduma ya dola 20 kwa mwezi ilipanda kutoka shilingi 2,460 hadi 3,200 bila mwenye programu kugusa bei. Tanzania mwaka huohuo wa 2023 waagizaji wa bidhaa walipanga foleni ya dola benki. Serikali nazo zilikuwa zimegundua kwamba hapa pana kodi: tangu Julai 2022 Tanzania ina utaratibu wa kusajili watoa huduma za kidijitali wa nje ili wakusanye VAT, ambayo mwaka huo ilikuwa asilimia 18 na kuifanya dola 20 iwe 23.60.

Walioumia zaidi, hata hivyo, walikuwa Nigeria, na habari yao ilifika hadi Kampala.

Aprili 2015, bei ya mafuta ikiwa imeporomoka, Benki Kuu ya Nigeria ilishusha kikomo cha matumizi ya kadi za naira ng'ambo kutoka dola 150,000 kwa mwaka hadi 50,000. Hapo bado palikuwa na nafasi ya kutosha. Benki zenyewe ndizo zilizoendelea kukata, mwaka baada ya mwaka, mpaka Machi 2022 kikomo katika benki kadhaa kikashuka kutoka dola 100 hadi 20 kwa mwezi. Ulipofika mwisho wa 2022 baadhi zikafunga kabisa. Wiki chache baadaye, Februari 2023, OpenAI ilitangaza ChatGPT Plus kwa dola 20 kwa mwezi, kiasi kilekile ambacho kadi ya naira ilikuwa imeachiwa mwaka uliopita na sasa imenyang'anywa.

Vijana wa Lagos hawakungoja benki. Mapema kabla ya hapo walikuwa wamehamia kadi za dola za kampuni changa, ambazo mtu alizifungua kwenye simu kwa dakika chache: Barter ya Flutterwave, Eversend iliyoanzishwa na Mganda Stone Atwine, na nyingine. Kilichokuwa hakionekani ni kwamba nyuma ya nembo hizo tofauti alikuwapo mtoaji mmoja, Union54 ya Lusaka. Kampuni hiyo ya Perseus Mlambo na Alessandra Martini, ya kwanza kutoka Zambia kupita Y Combinator, programu ya Marekani ya kulea kampuni changa, mwaka 2021, ilikuwa imerahisisha jambo lililokuwa gumu: kampuni yoyote ingeweza kutoa kadi za Mastercard bila kuhangaika kutafuta benki ya kuidhamini.

Urahisi huo uliwavuta na wengine. Mteja alinunua kitu, akakipokea, kisha akapinga malipo akidai si yeye aliyenunua, na kwa kanuni za kadi hela ikarudi kwake wakati madai yanachunguzwa. Likifanywa na mtu mmoja ni hasara ya kawaida ya biashara. Likifanywa na genge kupitia maelfu ya kadi ni jambo jingine, na Mlambo baadaye alivieleza vyombo vya habari kuwa jaribio hilo lilifikia dola bilioni 1.2. Julai 2022 Union54 ilisimamisha kadi. Barter na Eversend wakawaandikia wateja wao kuwa huduma imekwisha. Waliokuwa wakilipia seva, majina ya tovuti na programu za kuhariri video kwa kadi hizo walipata siku chache za kutafuta njia nyingine, na kampuni nyingine za kadi za dola zikajaza nafasi, zikitoza ada ya kufungua kadi na makato kwa kila malipo yanayokataliwa. Ndiyo: kadi ikigoma, mteja alilipa kwa kugomewa. Watoaji walieleza kuwa kila kukataliwa kuna gharama upande wao na kunaiharibia kadi sifa kwa Mastercard na Visa. Huenda ni kweli. Lakini anayeibeba gharama hiyo ni mtu yuleyule ambaye hakuonyeshwa kama jibu lilikuwa 51 au 05.

Mwaka 2025, naira ikiwa imetulia kidogo baada ya kuachiwa sokoni Juni 2023, benki za Nigeria, GTBank na UBA zikiwamo, zilianza kuzirudisha kadi za naira kwenye malipo ya ng'ambo. GTBank iliweka kikomo cha dola 1,000 kwa kila robo mwaka. Kwa mwanafunzi anayelipia huduma ya dola 20, hizo ni nyingi kuliko haja yake. Kwa kampuni changa ya Yaba, Lagos, inayolipia seva za Amazon, zinaweza kuisha kabla ya mwezi wa pili, na wenye kampuni hizo wameziacha kadi zao za dola wazi.