Mzinga wa Ngoma: Je, Ukatwe?

Katika shule moja tuijuayo ipo ngoma kubwa iliyochongwa na wazee kwa gogo zima la mti. Sauti yake huwaita watoto walio ng'ambo ya mto. Lakini haienei katika chumba kipya cha vyombo. Kwa hiyo vijana walishauri ukatwe mzinga wake, yaani lile gogo lenyewe lililochimbwa ndani. Wazee wakahuzunika. Nasi tuliposikia habari hiyo, tuliona yafaa kuuliza kwanza: waliotangulia kupunguza mizinga ya ngoma walipata nini, nao walipoteza nini?

Hapo kale ngoma za askari wa Ulaya zilikuwa ndefu, na ngozi zake zilikazwa kwa kamba zilizopita huku na huku, toka juu hata chini. Mwaka 1837 Cornelius Ward, fundi wa London, alipewa hati ya serikali kwa uvumbuzi wake wa kukaza ngozi kwa skrubu za chuma. Skrubu hazihitaji nafasi kubwa kama kamba, na katika karne ile mizinga ilizidi kufupishwa. Ngoma ikawa nyepesi safarini, na mlio wake ukawa mkali, wenye kukatika upesi. Walakini ule mvumo mzito wa ngoma ndefu ulipungua.

Katika miaka ya 1850 Adolphe Sax, yule Mbelgiji aliyevumbua saksafoni, alikwenda mbali zaidi. Huko Paris alitengeneza ngoma zisizo na bakuli la shaba, zenye ngozi na duara lake tu, zisizochukua nafasi kubwa. Lakini bendi kuu hazikuacha bakuli, wala hata leo hazijaliacha. Kwa nini? Ngozi ipigwapo, husukuma hewa upande mmoja na kuivuta upande wa pili. Hewa za pande hizo mbili zikikutana, moja huondoa nguvu ya nyingine, na sauti nzito hufifia. Mzinga ni ukuta uzizuiao zisikutane.

Tena, Marekani katika miaka ya 1920 wapigaji wa jazi walizoea ngoma kuu yenye upana wa inchi 28. Kufika mwisho wa miaka ya 1950, wengi katika New York walipenda ya inchi 18, kwa kuwa majukwaa yao yalikuwa madogo, na ngoma ilibidi ichukuliwe kwa motokaa. Hao hawakutaka sauti ile ile ya kwanza. Waliikaza ngozi, wakapata sauti ya juu zaidi, iliyopatana na vyombo vichache.

Basi twaona kwamba ngozi ndiyo isemayo, bali mzinga ndio uitunzao sauti na kuipa tabia yake. Apunguzaye mzinga hapunguzi mti tu, abadilisha sauti. Pengine ataipenda sauti mpya, pengine ataililia ile ya zamani.

Shauri letu kwa vijana wale ni hili: chongeni ngoma nyingine fupi, mwiwambe ngozi vema, kisha mzisikilize zote mbili. Ile ya wazee itafutiwe mahali barazani. Maji yakimwagika hayazoleki, na mzinga uliokatwa haurefuki tena.