Mizinga ya Liuli na mpaka wa Ziwa Nyasa

Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ilitokea mbele ya Liuli. Wajerumani waliiita bandari ile Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe la Pomonda, lile jabali lililosimama majini ambalo machoni mwao lilifanana na sanamu maarufu la Misri. Wenyeji wana habari nyingine ya jiwe hilo: wazee wao walijificha humo Wangoni walipokuja kuvamia.

Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba Ulaya imeingia vitani. Kamanda wa Waingereza, Rhoades, alikuwa nayo, na akaamuru mzinga upigwe. Makombora ya mwanzo yalipita pembeni, kisha moja likalenga. Berndt akarukia mashua ndogo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye Guendolen kumuuliza Rhoades kama amelewa. Walikuwa maswahiba, wakikutana bandarini na kunywa pamoja. Palepale akawekwa chini ya ulinzi.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na mimi sikioni hivyo. Watu wawili waliofahamiana kwa miaka walifanywa maadui na barua iliyoandikwa mbali, na mmoja akaipata kabla ya mwenzake. Mizinga ilikuwa imeshangoja ziwani miaka ishirini.

Mwaka 1893 Wajerumani walishusha Hermann von Wissmann majini, meli iliyoletwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, na penye maporomoko vipande vile vikapita mabegani mwa wapagazi. Mwaka huohuo Waingereza nao walishusha boti mbili za mizinga, Adventure na Pioneer. Pande zote mbili zilisema zinakomesha biashara ya watumwa, na biashara hiyo kweli ilikuwepo. Lakini wafanyabiashara wa utumwa walipokwisha, boti hazikuondolewa. Mwaka 1899 ikaja Guendolen, kubwa kuliko zote. Mwenye meli alimtazama mwenziwe, akaongeza. Mei 30, 1915 Waingereza walirudi Liuli na kuiharibu kabisa Wissmann. Baadaye waliiokoa, wakaitengeneza na kuipa jina la mfalme wao, George wa 5.

Kabla ya boti hizo zote kulikuwa na karatasi. Mkataba wa Julai 1, 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ule ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland na kuiacha Zanzibar chini ya Uingereza, uliupitisha mpaka kwenye ufuo wa ziwa wa mashariki, kaskazini na magharibi hadi mdomo wa Mto Songwe. Kwa maandishi hayo, mvuvi wa Mbamba Bay akiingia maji ya magoti yuko nchi ya watu.

Malawi inashikilia karatasi hiyo, na haki inataka tuseme kwamba hoja yake si nyepesi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri jambo hilo hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na azimio la Cairo la mwaka 1964, la kuheshimu mipaka ya wakoloni, alikuwa mtetezi wake mkubwa. Mwaka 1967 serikali yake ilibadili msimamo na kudai mpaka upite katikati ya maji. Rais Banda alikataa, na mwaka uliofuata akadai hata ardhi ya upande wetu. Ureno, iliyokuwa ikipigana na Frelimo ng'ambo ya Ruvuma, ilimpatia boti ya doria. Mizinga ikarudi ziwani.

Kwa miaka mingi baadaye suala hili lililala. Malawi ilipotoa kibali cha kutafuta mafuta, likaamka. Agosti 2012 Membe, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, alilitolea kauli bungeni, na maneno ya vita yakaenea mitaani na magazetini. Hapo sisi waandishi tunahusika. Tulihesabu wanajeshi wa huku na wa kule kama tunavyohesabu mabao ya Simba na Yanga. Msuluhishi alikuwa Joaquim Chissano, pamoja na Thabo Mbeki na Festus Mogae, lakini vikao vyao havikupata nafasi iliyopewa vitisho.

Nenda Maguu, juu milimani kwa Wamatengo, kwenye mashamba ya ngoro na kahawa, uone ziwa linavyofika. Linafika kwenye gunia la dagaa waliokaushwa kwenye mchanga wa ufukweni, wanaopimwa kwa kopo sokoni. Mama anayenunua hapo hahitaji ramani kujua maana ya ziwa kufungwa.

Tena ramani hubadilika. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana upya katika ziwa hilihili: Msumbiji ikapata maji hadi katikati, na visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Nyasaland, Malawi ya leo, ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji. Haikupigwa risasi. Na mkataba wenyewe wa 1890, katika kifungu cha 6, unaruhusu mipaka yake irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Wanaokwenda mezani kwa niaba yetu, Dodoma na Lilongwe, waanzie kwenye kifungu hicho, na wavuvi wa Liuli na Nkhata Bay waitwe kusema mahitaji ya mahali pao ni yapi.