Nani Huidhinisha Shahada? Historia Fupi ya Masomo ya Uzamili katika Vyuo Vikuu vya Waadventista Afrika Mashariki

Utangulizi

Chuo kikuu kidogo cha kidini hakijitungii sera peke yake. Katika taratibu za vyuo vikuu vya Waadventista Wasabato vya ukanda wetu husikika sauti mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya kanisa, ambalo lina chombo chake cha kimataifa cha kutoa ithibati kwa shule na vyuo vyake. Ya pili ni ya dola, ambayo hutoa hati idhini na kuweka viwango vya wahadhiri na mitaala. Makala haya yanafuatilia namna sauti hizo zilivyokutana katika masomo ya uzamili na uzamivu, hasa nchini Kenya na Rwanda. Kisha yanauliza kwa nini sauti ya tatu, yaani lugha ya watu wanaotafitiwa, imechelewa kusikika. Swali hili lina uzito wa kisera, kwa kuwa shahada ya juu ndiyo inayoamua nani atafundisha, nani ataongoza na maarifa ya jamii yatahifadhiwa katika lugha gani.

Chimbuko la mafunzo ya juu

Kanisa la Waadventista Wasabato liliundwa rasmi nchini Marekani mwaka 1863, na chuo chake cha kwanza kilifunguliwa Battle Creek, Michigan, mwaka 1874. Mwaka 1901 chuo hicho kilihamishiwa Berrien Springs. Masomo ya uzamili yalikuja baadaye, na yalianza kwa unyenyekevu. Mwaka 1934 kulianzishwa kozi za juu za Biblia huko California, zikifundishwa wakati wa kiangazi ili wachungaji na walimu waliokuwa kazini waweze kuhudhuria. Mwaka 1937 mafunzo hayo yalihamia eneo la Washington, na kufikia mwaka 1960 yalikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Andrews huko Berrien Springs.

Tangu mwanzo, basi, mwanafunzi wa uzamili aliyelengwa alikuwa mtu mzima aliye kazini, anayesoma kwa vipindi vifupi vya kina kisha kurejea kwenye kituo chake. Muundo huo haukuzaliwa Afrika, lakini ulipofika huku ulikuta mazingira yanayoufaa.

Kutoka misheni hadi hati idhini

Waadventista walifungua kituo cha Solusi, karibu na Bulawayo, mwaka 1894. Walifika Upare mwaka 1903, na Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1906. Katika awamu hiyo lugha za wenyeji zilikuwa nyenzo ya kwanza ya kazi. Arthur Carscallen, aliyeongoza misheni ya Gendia, aliandika sarufi ya Kiluo. Shule za misheni zilifundisha kusoma na kuandika, na baadaye zikaandaa walimu na wachungaji.

Elimu ya shahada ilikuja polepole, na kwa muda mrefu ilitegemea idhini kutoka mbali. Baadhi ya vyuo vya Kiadventista barani, Solusi kikiwa kimojawapo, vilitoa shahada kwa uhusiano na Chuo Kikuu cha Andrews. Darasa lilikuwa Afrika, lakini jina lililoipa shahada thamani lilikuwa Michigan. Mpango huo ulilinda ubora, ila uliacha maamuzi makubwa ya mitaala nje ya bara.

Kenya ilibadili hali hiyo kwa njia ya sheria. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Baraton, kilianzishwa katika eneo la Nandi mwaka 1980, kabla ya nchi kuwa na mfumo kamili wa kusimamia vyuo vikuu binafsi. Sheria ya mwaka 1985 iliunda Tume ya Elimu ya Juu, na mwaka 1991 Baraton kikawa chuo kikuu binafsi cha kwanza nchini humo kupata hati idhini. Kuanzia hapo chuo kilitoa shahada kwa mamlaka iliyotoka Nairobi, huku ithibati ya kanisa ikiendelea kuhitajika. Tangu hapo kila programu mpya imelazimika kupita milango miwili.

Hoja ya kuunganisha nguvu

Milango miwili ni mizito kwa chuo chenye wahadhiri wachache. Programu ya uzamili huhitaji wasimamizi wenye uzamivu, maktaba ya utafiti na watahini wa nje. Sheria mpya ya vyuo vikuu ya Kenya ya mwaka 2012, pamoja na viwango vilivyofuata mwaka 2014, ilikaza zaidi sharti la uzamivu kwa wahadhiri. Chuo kisicho na wenye uzamivu hakiwezi kufungua programu ya kuwazalisha, na kisipowazalisha hubaki kuwatafuta kwingine.

Jibu la kanisa lilikuwa kuunganisha nguvu. Mwaka 2005 liliidhinisha kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika, chenye makao Ongata Rongai, karibu na Nairobi, kwa ajili ya masomo ya baada ya shahada ya kwanza pekee. Mwaka 2013 kilipata hati idhini ya Kenya. Badala ya kila chuo kujenga idara dhaifu ya uzamili, vyuo vya bara vikapata mahali pamoja pa kuwasomesha wahadhiri na viongozi wao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, mpango huo una gharama zake: chuo kinachohudumia bara zima huhitaji lugha moja ya kukutanisha watu wa mataifa mengi, na lugha iliyoshika nafasi hiyo kuu ni Kiingereza.

Ratiba na Sabato

Sera nyingine inayovitambulisha vyuo hivi ni ratiba. Wafanyakazi wengi wanaosoma uzamili katika ukanda huu hutegemea masomo ya mwisho wa wiki. Chuo cha Kiadventista hakifundishi wala hakitahini kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi. Kwa hiyo hubaki na jioni za siku za kazi, Jumapili na likizo. Anayesoma sera hiyo kama kizuizi cha kidini tu atakosa nusu ya maana yake. Sharti la imani limevisukuma vyuo hivi kuelekea vipindi vya kina, ule ule muundo wa mwaka 1934, na muundo huo humfaa mwalimu wa shule au mchungaji wa mtaa wa mbali.

Rwanda na suala la lugha

Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kilianza Mudende, Rwanda, mwaka 1984, kikihudumia nchi zinazotumia Kifaransa. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalikisimamisha, na kilipofunguliwa tena kilikuwa Kigali. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi. Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, pamoja na Kifaransa.

Hadhi hiyo bado haijafika kwenye tasnifu. Niliwahi kusoma rasimu ya tasnifu ya uzamili kuhusu utoaji katika makanisa. Mahojiano yote yalifanywa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Wahojiwa walikuwa wakizungumzia "uwakili". Kwa mtu wa mjini neno hilo humleta mtu wa mahakamani. Kwa muumini humaanisha kutunza mali isiyo yako kwa niaba ya mwenyewe. Maana zote mbili zina shina moja: wakili husimama mahali pa mwingine. Katika tafsiri shina hilo lilikatika, na hoja bora ya wahojiwa ikapotea nalo. Mwandishi hakukosa bidii. Taratibu za chuo hazikumpa nafasi ya kuweka maneno ya asili hata kwenye kiambatisho.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba vyuo vidogo vimefanikiwa kila vilipogeuza sharti kuwa muundo. Sabato ilizaa ratiba ya vipindi, na uhaba wa wahadhiri ukazaa chuo cha pamoja. Lugha nayo inaweza kupitia njia hiyo hiyo. Tunapendekeza hatua tatu zisizohitaji bajeti kubwa: tasnifu zinazotegemea data ya Kiswahili ziambatishe nukuu za asili, kila tasnifu iwe na ikisiri ya Kiswahili itakayorudishwa kwa jamii iliyotafitiwa, na vyombo vya ithibati, vya dola na vya kanisa, vikiulize chuo swali la lugha kama vinavyouliza idadi ya vitabu. Misheni za mwanzo zilijifunza lugha ya wenyeji kabla ya kufundisha. Shahada ya juu haina sababu ya kuanza kwa kuisahau.