Saa nane ya usiku, kwa jina la nani?

Bandugu, leo ni historia, hata kama inaanzia kwenye haya yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka tu chuo, nikapewa kuchunga mashini ya kituo kidogo cha afya hapa Lubumbashi. Niliandika skripti ya kunakili kitabu cha wagonjwa kwenye diski ya pili, kila usiku saa nane. Niliijaribu kwa sudo, ikapita muzuri. Nikaiweka ndani ya crontab yangu, nikarudi nyumbani. Siku 19 baadaye diski ya data ikakufa. Kwenye folda ya nakala nilikuta faili moja tu: ile ya jaribio langu.

Mama sekretere hakunigombeza. Aliuliza tu: « Sasa papa, ile mashini ilikuwa inafanya nini usiku wote? » Halafu akafungua madaftari ya karatasi na kuanza kuandika upya.

Kwa kuelewa, turudi 1979. Mwaka ule Bell Labs ilitoa toleo la 7 la Unix, na ndani yake cron. Iliamka kila dakika, ikasoma faili moja, /usr/lib/crontab, ikafanya kazi iliyofikia saa yake, ikalala tena. Kalenda moja kwa mashini nzima! Ukitaka kazi yako iingie, unaenda kuomba kwa mwenye mashini. Mwaka uleule wa 1979 Dennis Ritchie alipata hataza ya setuid, aliyoiomba tangu 1973: programu inafanya kazi kwa uwezo wa mwenye faili, si wa yule anayeiita. Bila wazo lile, mtu wa kawaida angewekaje kalenda yake mahali ambapo mkono wake haufiki?

Kule Purdue, Robert Brown alifikiria cron ya watumiaji wengi, inayolala mpaka kazi inayofuata badala ya kuamka bure. System V ya AT&T ikafuata njia hiyo. Mwaka 1987 Paul Vixie akaandika ya kwake, ya bure, na ndiyo iliyoenea sana kwenye Linux.

Njo hapo shida yangu ilizaliwa. Kalenda zikiwa nyingi, kila kazi inapita kwa jina la mwenye kalenda, na kwa ruhusa zake tu.

Miye kwanza nilishuku cron.deny. Nilipoteza alasiri nzima. Kama cron.allow iko, wanaopita ni walioandikwa mle tu. Kama haiko, wanafungiwa walioandikwa ndani ya cron.deny. Jina langu halikufungiwa popote, na crontab -l ilionyesha mstari wangu, salama kabisa. Kila nilipojaribu tena kwa sudo, kazi ilipita. Njo ile iliyonidanganya: nilikuwa namjaribu root, si miye.

Mwishoni nikaandika ls -l. Faili ya kumbukumbu ilikuwa ya root. Jaribio la siku ya kwanza ndilo lililoiumba. Skripti ilianza kwa kuandika saa ndani ya faili ile, na nilikuwa nimeiagiza isimame ikikuta kosa lolote. Basi kila usiku ilikatazwa mlangoni, ikasimama pale.

Hapa nawalaumu wazee kidogo. Cron ilisema, lakini ilisemea kwenye sanduku la barua la ndani ya mashini, ambalo batu ba leo hatufungui. Nilipolifungua, barua 19 zilikuwa zinaningoja, zote neno moja: ruhusa imekataliwa.

Chown moja ikamaliza kazi. Nikajaribu tena, safari hii kwa jina langu, bila sudo. Usiku ule sikulala nyumbani. Saa nane na dakika moja faili mpya ilionekana, jina langu pembeni yake. Mama sekretere alikuwa bado amebakiza madaftari mawili.